Tubakie, Alisema Chef de Gare

Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuondosha watu, jirani yangu alichukia mno kuona mtu akiondoka. Ukimuaga, anakasirika. Ukisimama tu mlangoni na kikapu mkononi, keshakuuliza unakwenda wapi, kwa njia gani, na utarudi saa ngapi. Na ole wako uchelewe, maana utamkuta kasimama barabarani akitazama upande ule uliokwenda, na atakugombeza mbele za watu. Neno kwaheri sikulisikia kinywani mwake hata siku moja. Alisema, "Tutaonana hapa," na aliposema hapa alinyosha kidole chini, kwenye udongo wa ua wake, usije ukakosea mahali.

Alikuwa chef de gare, mkuu wa stesheni ya reli pale Kolwezi, enzi treni zilipokuwa treni. Nilipohamia Kapata, mtaa wake, kama bibi arusi, treni zilikuwa zimebaki za kubahatisha na mshahara wake ulikuwa habari ya kusimuliwa, lakini cheo kilikuwa kimemganda. Cité nzima, mtaa wetu wote, ilimwita Chef de Gare. Sisi wa karibu tulimwita Tata Chef, yaani Baba Chef. Koti lake la reli alilivaa hata jua likiwaka, vifungo vyote vimefungwa, na kila asubuhi alifagia ua wake kwa mistari iliyonyooka mpaka kwenye ukingo wa barabara, kisha akasimama pale ukingoni mikono nyuma. Wageni walidhani anasubiri mtu, na kweli alikuwa anasubiri.

Mimi ni mshonaji. Nyumba zetu Kampuni ya madini ilizijenga kwa safu, mbili mbili, ukuta mmoja katikati, na cherehani yangu ilikaa kwenye ukuta uleule uliokuwa wa sebule yake. Kwa hiyo mambo mengi ya mzee huyu siyajui kwa kuona, nayajua kwa kusikia. Nilijua kikohozi chake cha kiangazi na cha masika. Nilijua akikosa chumvi. Na zaidi ya yote nilijua ule mchezo, ambao ilinibidi niuvumilie miaka na miaka, mchana kutwa, umeme ukiwepo. Niliwahi kuutukana mchezo ule nikigonga ukuta kwa kiatu. Sasa nautaja kama mtu anavyotaja wimbo wa harusi yake.

Sebule yake aliigeuza kuwa sale, ukumbi wa michezo ya video. Kulikuwa na televisheni mbili na mabenchi ya kanisa lililofungwa. Televisheni ya kwanza ilikuwa ya mpira, na ndiyo iliyomlisha, maana vijana wa Kapata wangeuza hata viatu wacheze mpira wa kwenye skrini. Ya pili ilikuwa ya mchezo mmoja tu, na mashine yake haikuwa hata mali ya Tata Chef. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa asili ya Maniema aliyesafirisha bidhaa kwa lori, alimwachia sanduku akisema atalipitia wiki inayofuata. Hakulipitia. Tata Chef akalitunza bila kulifungua, jinsi stesheni inavyotunza mzigo wa abiria aliyesahau, mpaka panya walipoanza kulitoboa. Ndipo akakuta mle mashine, nyaya zake, na diski moja.

"Hii iko na mwenyewe," aliwaambia vijana walipobonyeza kwa nguvu. "Akikuya, ataikuta inatembea."

Nilimuuliza kama huyo mwenyewe hatakuta imechakaa. Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Mama, machine yenye haitumike inakufwa. Mi nilikuwa chef de gare, si mulinzi wa makaburi."

Mchezo ulikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo hakuna aliyelitumia. Tuliuita Mwisho. Humo dunia imekwisha. Miji imebomoka, jivu limefunika kila kitu, na watu wachache wamejificha katika kituo cha mafuta kilichoachwa kando ya barabara kuu. Mkubwa wao ni mzee mwenye kofia, na mzee huyu alipotezana na watu wa nyumbani kwake siku dunia ilipokwisha. Si mchezo wa kupiga risasi. Hadithi inaendelea, kisha picha inasimama na chini ya skrini yanatokea maneno ya kuchagua. Mfungulie mgeni, au usimfungulie. Gawa maji, au yafiche. Ukishachagua, hakuna kurudi nyuma, hadithi inashika njia uliyoipa, na mchezo hausahau. Mtoto uliyemnyima maji mwanzoni anakufa katikati, na anakufa akikutazama.

Wazee waliopita dirishani wakachungulia hawakuelewa vijana wanatetemekea nini. Bibi mmoja wa safu yetu, mjane wa fundi wa Kampuni, aliingia siku moja, akaketi, akatazama mpaka akachoka.

"Hii njo mwisho wa dunia?" aliuliza. "Umeme hakuna, mafranga ni makaratasi, dawa hakuna ku hospitali, batu banachimba mu nyumba za wenzabo? Shi tulishaishi mule, batoto. Mulizaliwa mule."

Nilicheka peke yangu nyuma ya ukuta nusura nimeze pini. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa anasema kweli tupu. Kampuni ilipoanguka tuliona wanaume wenye vyeo wakiuza milango ya nyumba zao, kisha fremu za madirisha, kisha nyaya zilizokuwa ukutani. Tuliona walimu wakishuka kwenye mashimo ya madini ya Mutoshi na magunia, na wengine shimo likawafunika hukohuko wala hakuna aliyekwenda kuwafukua. Basi vijana wetu walikuwa hodari wa Mwisho kupita kiasi. Walijua kwamba kwanza unatafuta chumvi na sabuni, bunduki baadaye. Walijua kwamba anayekuletea chakula cha bure hujui bado anataka nini.

Lakini palikuwa na mahali pamoja ambapo uhodari wao haukufaa kitu. Katikati ya mchezo unapita msafara wa malori unaokwenda mbali, kwenye nchi ambayo inasemekana bado ina watu. Nafasi ipo. Picha inasimama na maneno yanakuja: Kuondoka, au Kubaki. Na hapo palikuwa na sheria ya nyumba. Machaguo mengine yote yalikuwa ya wachezaji, wapige kelele, wapigiane kura, wavutane mashati. Hili moja lilikuwa la Tata Chef.

"Tata Chef, tumefika!" waliita.

Angeacha chochote. Siku moja alikuja na nusu ya ndevu imenyolewa, nusu ina sabuni, lakini koti limefungwa vifungo vyote. Alisimama nyuma ya benchi, akasoma maneno yale kama hajawahi kuyaona, kisha akasema, "Tubakie."

Yule aliyeshika vitufe, na mara nyingi alikuwa Papy, mchezaji bora wa cité yetu, aliguna na kubonyeza. Malori yakaondoka. Ikafuata ile sehemu ya kungoja. Baridi inaingia, unga unakwisha, watu wa kituo cha mafuta wanalala na hawaamki, mmoja baada ya mwingine, mpaka anabaki mzee mwenye kofia kwenye kiti, ameelekea barabara. Kisha skrini inageuka kijivu na yanaandikwa maneno matatu ya Kifaransa. Vijana waliyasoma kwa pamoja, kwa sauti ya kuchoka, kama watoto wanaoitikia kanisani: "Personne n'est venu." Hakuna aliyekuja. Na mimi upande wa pili wa ukuta, mguu juu ya kanyagio la cherehani, nilijikuta nayasema nao.

Sababu alinieleza siku nilipokuwa namshonea bitana ya koti, maana alikataa kulivua akakaa nalo mwilini huku mimi nimepiga magoti na sindano. Mke wake sikumwona kamwe. Alikuwa wa asili ya Kasai. Katika miaka ile ya kufukuzana, watu wa asili hiyo waliambiwa mkoa wetu wa Katanga si kwao, hata waliozaliwa hapa, hata wenye makaburi ya wazazi wao hapa. Nyumba zilichomwa. Waliokimbia walijaa stesheni, familia zimelala juu ya reli na vitanda vyao, masufuria yao, kuku wamefungwa miguu, wakingoja treni ambayo haikujulikana inakuja lini. Na mkuu wa stesheni hiyo alikuwa yeye.

"Majirani njo balikuya kuniambia," alisema. "Majirani, mama, si batu ba mbali. Balisema, Chef, muke yako asilale hapa tena."

Akamchukua mkewe na binti yao, mtoto aliyekuwa bado anabebwa mgongoni akichoka, akawatafutia pembe ndani ya behewa, akawapa mkeka na ndoo ya maji. Akamwambia mkewe: mi nitafwata. Kama sikufwata, murudie kwetu, ku nyumba. Ile nyumba sitaitoka. Kisha akashuka, akatembea mpaka mahali pake, na kwa kuwa kazi ni kazi na hapakuwa na mwingine, akapiga filimbi ya kuondosha treni.

Nilimuuliza, kwa ujinga tu wa kutojua niseme nini, kama ile filimbi anayo. Akaitoa mfukoni. Ilikuwa ileile aliyowapigia vijana wa mpira muda wao ukiisha.

Treni ile ilikwama njiani. Wengi waliugua humo, wengine walizikwa kando ya reli. Zaidi ya hapo hakujua. Aliuliza kila dereva, kila mlinzi wa breki, kila msafiri aliyetoka upande ule. Alilipa matangazo ya redio mpaka wasomaji wa redio wakamjua kwa sauti. Hakuna aliyewaona wakiwa hai, na hakuna aliyewaona wakiwa maiti, na hilo la pili ndilo lililomtesa kuliko la kwanza.

Nisije nikamfanya mtakatifu. Kuna mzee mmoja aliyekuja pale siku fulani, mtu aliyerudi baada ya miaka mingi, akasimama katikati ya sale, vijana wamejaa, akamwambia usoni kwamba yeye Chef ndiye aliyekuwa akichagua nani apande na nani alale tena nje, na kwamba mdogo wake alikufa pale akingoja. Nilinyamazisha cherehani nisikie atakavyojitetea. Hakujitetea.

"Nilichagua," alisema. "Kila siku nilichagua. Hakuna mwenye alichagua na mi."

Mimi pia niliwahi kumchoma. Nilikuwa nimekasirishwa na kelele, nikamuuliza kwa nini hakupanda treni ile mwenyewe, mume na mke wakae pembe moja. Akasema aliogopa kupoteza kazi. Halafu kazi yenyewe ikampoteza yeye. Halafu njia ikakatika, vita vikaja, na kufikia hapo alikuwa ameshaahidi kutoihama nyumba ile, na ahadi hiyo ndiyo kitu pekee alichokuwa bado anaweza kumfanyia mkewe.

Kwa hiyo utaona kwa nini alisema Tubakie. Lakini hakuwa anasema kwa ukaidi tu. Alikuwa anatafuta. Aliamini kabisa kwamba ndani ya Mwisho imo njia ambamo anayebaki anafikiwa.

"Mwenye alitengeneza huu muchezo ni mutu," alinifafanulia. "Aliandika miisho mingi ya benye banaenda. Hawezi kukosa kuandika hata moya ya mwenye anabakia."

Ilikuwa ni suala la kujiandaa vizuri. Kabla ya malori, alidai, kuna jambo hatujalifanya. Basi akawaagiza vijana: leo mtengeneze taa. Leo mfagie barabara. Leo mgeni yule wa mwanzo mumfungulie, labda ndiye atakayepeleka habari. Leo muandike ukutani kwa rangi. Vijana walitii, kisha wakaenda kulalamika nje. Naye akarudi uani kwake, akatengeneza taa yake mwenyewe ya barazani, na akaandika juu ya mlango, kwa rangi nyeupe, CHEF DE GARE, herufi ambazo ungezisoma ukiwa barabarani.

Siku moja juhudi zile zilizaa kitu. Walikuwa wametengeneza taa, wamemfungulia mgeni, na wamekataa kuchoma viti kwa ajili ya moto. Wakabaki. Watu wakafa kama kawaida. Mzee mwenye kofia akaketi. Na kabla skrini haijageuka kijivu, zikasikika nyayo nje.

Mimi mwenyewe nilizisikia kupitia ukuta. Nilitupa kitambaa nikakimbia. Sale nzima ilikuwa imesimama juu ya mabenchi, na Tata Chef alikuwa amekaribia skrini mpaka pua inaigusa. Nyayo zilikuja, zikafika karibu na mlango, zikapita. Kijivu. Personne n'est venu. Hakuna aliyeitikia safari hii. Tata Chef aligeuka, uso umelowa, akicheka.

"Banapita," alisema. "Lakini bako. Musikie? Bako!"

Aliishi kwa nyayo zile muda mrefu. Ndipo Papy alipokwenda Lubumbashi kusoma, akarudi likizo na simu nzuri na habari mbaya. Huko kuna watu waliocheza Mwisho mpaka wakaufungua wote kama saa. Njia zote zinajulikana. Anayebaki hafikiwi na mtu. Zile nyayo ni za mbwa.

"Ni mbwa, Tata Chef," Papy alisema kwa upole, maana alimpenda. "Balitia mbwa tu."

Tata Chef alipuliza filimbi, akampigia kelele atoke nyumbani kwake na asirudi. Papy akatoka. Hakufika hata kwenye bomba la maji kabla mzee hajamkimbilia, koti linapepea, akimshika mkono na kumuuliza anakwenda wapi sasa hivi, na atarudi saa ngapi.

Rangi nyekundu ilikuja wakati wa kiangazi. Kampuni mpya, ambayo sisi hatukuwahi kuona uso wake, ilikuwa imegundua kwamba chini ya safu yetu kuna madini, na vijana wenye kofia za plastiki wakapita wakichora alama kwenye kuta. Yenye alama itabomolewa. Tuliitwa kwenye mkutano, tukaelezwa kwa Kifaransa kizuri, tukapewa kila mtu bahasha yake na siku ya mwisho. Watu walilia, lakini walikuwa na mahali pa kulilia. Wengine walikwenda kwa ndugu, mimi nikapata chumba mjini. Tata Chef alikwenda ofisini kwao kila asubuhi, akiwa amevaa koti, kuwaeleza jambo moja tu: kwamba yeye hakatai kunyang'anywa nyumba, anaomba tu waichukue baadaye. Baadaye lini, walimuuliza. Hakuweza kuwaambia.

Siku za mwisho alifanya kosa ambalo safu nzima tulilifanya, na bado linaniuma nikilikumbuka. Tuliandika kwenye kuta zetu mahali tunapokwenda. Ilikuwa desturi yetu tangu zamani. Mtu akihama anaacha maneno ukutani kwa chaki, ili mgeni wake asipotee. Yeye aliandika kwa rangi, vizuri, kwa mwandiko wa mbao za stesheni: CHEF DE GARE YUKO KASAJI, KARIBU NA RELI. Alichagua Kasaji kwa sababu treni, ikitokea kutembea, hupita kule, na mwenzake wa zamani alikuwa na chumba. Alipomaliza akarudi nyuma kusoma. Mimi nilikuwa nafunga cherehani kwenye mkokoteni. Tulitazamana, na nadhani tulielewa kwa wakati mmoja. Ukuta wenyewe ndio unaobomolewa.

Akachukua bati, akaandika maneno yaleyale, akalipigilia kwenye nguzo ya barabarani. Halikumaliza wiki. Bati ni bati, kuna aliyehitaji kuezekea.

Sasa pale penye nyumba zetu kuna uzio na nyuma yake shimo. Kwenye kona ya uzio, mama mmoja mgeni wa mtaa huo huuza mikate ya mafuta kwa madereva, na mimi hupita kwake nikienda kununua vitambaa. Ni mtu mwema, mwenye maneno mengi. Siku moja akinipa chenji yangu, aliniambia kwamba kuna mwanamke aliyemsumbua moyo wiki iliyopita. Alikuja na begi dogo, akasimama mbele ya uzio muda mrefu, kisha akamwendea kumuuliza nyumba ya chef de gare iko wapi. Nyumba ya baba yake.

Nilishika meza yake. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Mi nilijua nini, mama?" alisema. "Nilimuambia, bazee ba huku bote balishakufwa, balibomolea manyumba. Akalia. Nikamupa kiti. Kiisha akaenda."

Sikulala. Sikuwa na namba yoyote ya simu ya mzee, hakuwahi kumiliki simu. Siku iliyofuata nilipanda lori la wanunuzi wa mahindi, na kutoka pale linapoishia nikachukua pikipiki mpaka Kasaji. Njiani niliyapanga maneno. Niliamua nimwambie yote, kwa sababu mtu aliyekaa miaka yote ile bila habari, mimi ni nani wa kumchagulia miaka mingine.

Sikuhitaji kuuliza nyumba. Niliona ua uliofagiwa kwa mistari, na yeye kwenye ukingo, mikono nyuma. Alikuwa amepungua, koti limemzidi. Ndani nilisikia sauti ya Mwisho; alikuwa amefungua sale tena, kwa betri ya gari na kioo cha umeme wa jua, na watoto wa Kasaji walikuwa wakipiga kelele zilezile. Alinikumbatia, akaniuliza nimekuja kwa njia gani na nitaondoka saa ngapi. Kisha akauliza lile nililojua ataniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza hali ya mvua.

"Kuko mutu mwenye aliniulizia?"

"Kuko," nilisema.

Hakusogea. Nikamweleza. Mwanamke, mtu mzima, mwembamba, na begi dogo. Anatafuta nyumba ya chef de gare, nyumba ya baba yake.

"Alikuwa na mama yake?"

"Alikuwa peke yake, Tata Chef."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Nilimwacha amalize.

"Na bo balimujibu nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia na kulia kwake, na kiti alichopewa.

"Akaenda wapi?"

"Mama wa mikate hakumuuliza."

"Hakumuuliza," alisema. Hiyo ndiyo mara pekee sauti yake ilipopanda. "Mutu anatoka, haumuulize anaenda wapi?"

Nilianza kusema haraka haraka. Nikasema tutatoa tangazo redioni, Kolwezi, Lubumbashi, hata Kasai yenyewe. Nikasema Papy ataweka kwenye simu, siku hizi watu wanapatikana. Nikasema nitakaa mimi mwenyewe pale kwenye uzio. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Mama," alisema, "nani anasikilizaka tangazo juu ya mutu mwenye alishamulilia?"

Akageuka kutazama barabara.

"Alikuya," alisema. "Nilisema atakuya, akakuya. Ni nyumba tu njo haikubakia." Akaupangusa uso kwa mkono wa koti. "Sasa amepumzika kunitafuta. Ni muzuri. Ni muzuri kwake."

Na kutoka ndani, watoto ambao hawakujua lolote wakaita, "Tata Chef, tumefika!"

Alifunga vifungo vya koti, kuanzia chini mpaka juu. Niliingia nyuma yake. Ilikuwa picha ileile, barabara, malori, maneno mawili chini ya skrini. Yule mtoto aliyeshika vitufe hakugeuka hata kutazama, kidole kilikuwa tayari kwenye Kubaki, na wenzake walikuwa wameshaanza kuguna.

"Twende," alisema Tata Chef.

Mtoto akageuka.

"Twende ginsi gani?"

"Nasema twende. Bonyeza. Hakuna mwenye anakuya."

Palilipuka. Benchi lilianguka, watoto walikumbatiana, mmoja akatoka mbio nje kuita wengine waje waone. Kwenye skrini mzee mwenye kofia alipandishwa lori, na kituo cha mafuta kikaanza kubaki nyuma, taa yake bado inawaka. Kulikuwa na barabara, na milima, na mto ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona katika miaka yote ile. Watoto walipiga kelele kwa kila kitu. Nilipomtafuta Tata Chef, hakuwa anatazama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, filimbi mkononi, anaifuta kwa kitambaa.

Pikipiki yangu ilikuwa inangoja. Alinisindikiza mpaka mwisho wa ua, akanifunga vizuri kanga iliyokuwa inaning'inia karibu na gurudumu, akamwambia dereva asikimbie.

"Kwaheri, mama," alisema.

Nilingoja aniulize nitarudi lini. Dereva akawasha, vumbi likaanza kupanda, ikabidi niseme mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwamba nitarudi mwezi ujao, kwamba tutaonana hapa. Alikuwa ameshageuka kurudi ndani.